Kuku Aliyepanda Lifti Akalla

Baba yangu hawezi kupita uani kwa mtu bila kusalimia. Si kwamba hataki kupita kimya. Hawezi, mwili unamkatalia. Kule Tanga jambo hili halikuwahi kumletea shida. Huku lilimletea polisi.

Tulihamia Akalla, pembezoni mwa mji mkuu wa Uswidi, Septemba mwaka sabini na sita, majengo bado yananuka rangi na lifti imezungushiwa mbao kwa ndani ili wanaohamia wasiikwaruze kwa makabati yao. Kabla ya hapo tulikaa mjini, chumba kimoja na jiko, tangu mwaka sitini na tisa, mimi na mama tulipomfuata baba aliyekuwa ametangulia kusomea ufundi umeme. Akalla tulipewa vyumba vitatu ghorofa ya saba. Dirisha la jikoni lilitazama kitu ambacho hakuna aliyetuambia kipo: kijiji.

Kijiji kweli, sitanii. Nyumba sita za mbao zilizopakwa rangi nyekundu, ghala, kisima, njia ya udongo katikati, na mashamba pande zote. Ukikitazama kutoka juu unadhani wakandarasi walikisahau walipokuwa wanasafisha eneo. Watu wa jengo letu walikitazama kama picha ya kalenda. Sikumwona hata mmoja akishuka kwenda huko. Baba alishuka Jumapili ya kwanza, na akanichukua mimi niwe mkalimani, maana Kiswidi chake kilikuwa cha karakana. Alijua majina ya spana zote na matusi yote ya msimamizi wake, lakini vitu hivyo haviwezi kuanzisha mazungumzo na mkulima.

Njia ya kwenda msituni inakatiza katikati ya nyumba. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba Uswidi mtu anaruhusiwa kutembea karibu popote, hata ardhi ya mwenzake, mradi asiharibu kitu. Nikamweleza baba.

"Anaruhusiwa kupita," akasema. "Nani kasema anaruhusiwa kupita kama mwizi?"

Akaenda nyumba ya kwanza, akasimama mlangoni akiupa mlango ubavu ili asichungulie ndani, kama inavyotakiwa, akaita, "Hodi." Pazia likatikisika. Kimya. Akaita mara ya pili, ya tatu, akaondoka bila kinyongo. Nyumba ya pili mbwa alibweka, na nyuma ya kioo nikaona mkono wa mtu ukichukua simu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua ishirini nyuma, nimevuta kofia ya koti mpaka puani, najifanya ni mtoto wa watu wengine.

Nyumba ya tatu mlango ulifunguliwa. Alikuwa bibi mmoja mfupi, aproni juu ya sweta, mkono mmoja nyuma ya sikio kama mtu anayesikia nusu.

"Mita iko jikoni," akasema, akageuka na kurudi ndani.

Baba alielewa neno moja tu, mita, na hilo lilimtosha. Akavua viatu akamfuata. Mpaka mimi nafika na kuanza kueleza kwamba huyu si mtu wa umeme, baba alikuwa ameshasoma mita, ameshafungua kisanduku cha fyuzi, na ameshika fyuzi moja mbele ya uso wa yule bibi. Ilikuwa imeungua, na ili iendelee kufanya kazi bibi alikuwa ameizungushia karatasi ya kung'aa ya chokoleti.

"Mwambie," baba akasema, "kwamba nyumba hii ni ya mbao."

"Anasema nyumba yako ni ya mbao."

"Najua," bibi akasema. "Nilizaliwa humu."

Tulikuwa tunakunywa kahawa polisi alipoingia. Kijana mpole, kofia mkononi, amefuta viatu vizuri. Alitaka kujua bwana huyu anauza nini.

"Hauzi," nikasema. "Anasalimia."

"Anasalimia nani?"

"Kila mtu."

Polisi akaandika kidogo, akafuta. Bibi akamaliza kesi. "Amekuja kusoma mita," akasema, na akammiminia polisi naye kikombe.

Jumapili iliyofuata baba alirudi na fyuzi mpya. Jumapili ya baadaye alirudi kuangalia kama ile fyuzi inakaa vizuri. Baada ya hapo hakutafuta sababu tena. Tulikunywa kahawa, bibi akavaa viatu vya mpira, akachukua fimbo, akatangulia. Alikuwa na miaka sabini na minane na alitembea kama mtu aliyechelewa treni. Baba nyuma yake, mimi nyuma ya baba, nikitafsiri huku na huku na kulalamika katikati.

Njia yake ilikuwa moja siku zote. Nyuma ya ghala, kando ya ukuta wa mawe ambayo babu yake aliyatoa shambani kwa mikono, kuvuka kijito, kupanda mpaka ukingo wa msitu. Kila hatua mia moja alisimama na kunyoosha fimbo. Pale ndipo alipoanguka farasi. Hapa palikuwa na nyumba ya fundi viatu, akaondoka na mkewe akaacha mlango wazi. Alipokuwa na miaka saba jeshi lilichukua uwanda wote kufanyia mazoezi, na baba yake akawa mpangaji wa wanajeshi kwenye shamba lake mwenyewe. Siku za kulenga shabaha bendera nyekundu ilipandishwa, na ng'ombe wote walitakiwa wawe zizini. Siku moja ng'ombe alibaki nje. Hapo hakunyoosha fimbo.

Wanajeshi walipoondoka na ardhi ikawa ya manispaa, alidhani sasa kutakuwa kimya. Zikaja winchi. Alituonyesha majengo yetu kwa ncha ya fimbo, marefu, meupe, yamepangana.

"Wanajeshi walikuwa wanarudi kwao saa kumi jioni," akasema. "Nyinyi hamrudi."

Nilisita kulitafsiri hili, nikalitafsiri. Baba alicheka mpaka akashika ukuta.

Kwenye ukingo wa msitu yapo makaburi ya kale, vichuguu vya udongo vyenye mawe yaliyozungushwa, ya watu wa kabla ya kanisa. Hakuna uzio. Waswidi hukaa juu yake wakala mkate. Baba alipoyaona mara ya kwanza alisimama, akateremsha mikono, akawatolea salamu wenyewe kwa Kiarabu, kama anavyofanya akipita makaburini kokote.

"Anasema nini?" bibi akaniuliza.

"Anawasalimia waliozikwa."

"Hao walikuwa wapagani."

Nikamfikishia baba. Akafikiri. "Basi itawafikia nusu," akasema, na tukaendelea.

Sasa nije kwenye ubaya wangu, maana nimeshaandika kurasa kama mtu mzuri.

Ilikuwa Novemba mwaka huohuo, nina miaka kumi na minne. Baba alikuwa nje anaangalia bomba la moshi. Bibi akaniuliza kama ipo adabu yoyote ya kwetu ambayo yeye anaivunja bila kujua. Swali zuri, na aliuliza kwa heshima. Mtoto wa watu wengine angelijibu vizuri. Mimi mdomo wangu una miguu yake mwenyewe.

"Ipo moja," nikasema. "Lakini baba hawezi kukuambia, ataona haya."

"Niambie wewe."

"Mgeni akija kwako mara kumi na wewe hujaenda kwake, nyumba yake inakuwa kama imetengwa. Watu wanaisema."

"Mmekuja mara ngapi?"

"Kumi na moja."

Alitikisa kichwa taratibu. "Na ninakwendaje?"

"Kwa miguu. Basi haliruhusiwi. Na mkononi ubebe kitu kilicho hai."

Nilikuwa nangoja acheke ili na mimi nicheke. Hakucheka. Aliuliza tunakaa ghorofa ya ngapi. Baba akaingia na masizi usoni, mazungumzo yakahamia kwenye bomba, na mimi nikasahau. Hilo ndilo tatizo langu na uongo, nausahau kabla haujamaliza kazi.

Januari, Jumamosi moja adhuhuri, tulisikia kugongwa. Mama akafungua. Bibi alikuwa amesimama ameupa mlango ubavu, vile alivyomwona baba akisimama, skafu kichwani, theluji mabegani, na kikapu mkononi. Ndani ya kikapu kuku. Kuku alikuwa amepanda lifti pamoja na jirani yetu wa ghorofa ya tisa, ambaye mpaka leo ananiangalia kwa namna.

Mama hakuuliza chochote. Miaka saba na ushee Uswidi, wageni wa Kiswidi waliokuja kwetu walileta maua yaliyokatwa, ambayo mama huyaita majani ya kufa kesho. Sasa kaja mtu mzima na kuku mzima.

"Karibu, mama, karibu ndani," akasema, na kwangu kwa sauti ya chini, "Mwone huyo, ana adabu kuliko wewe. Kamwite baba yako achinje."

"Mama, sidhani kuku huyu ni wa kuchinjwa."

"Ni wa nini basi, wa kucheza naye karata?"

Mgeni akija na kuku, na wewe huna cha kumpikia, utamchinjia yupi? Baba alimchinjia kwenye beseni la kuogea, akaelekea kibla kilichopo upande wa mashine ya kufulia. Bibi alisimama mlangoni akatazama mwanzo hadi mwisho, akasema kisu ni kikali. Mama akampika kwa tui alilokamua kutoka kwenye nazi iliyokaushwa, ile ya kunyunyizia keki, maana nazi nyingine hatukuwa nayo. Bibi alimla kuku wake mwenyewe mpaka mfupa.

"Alikuwa ameacha kutaga tangu Oktoba," akaniambia. "Nilikuwa natafuta sababu."

Nilicheka ndani kwa ndani mchana kutwa. Niliona hii itanifaa shuleni mwaka mzima.

Baba aliondoka saa nane kwenda zamu ya Jumamosi. Saa tisa giza lilianza kushuka, bibi akafunga skafu yake. Mama alinipa koti mkononi.

"Msindikize mpaka mlangoni kwake. Mlangoni, umenisikia? Si njiani."

"Nimesikia."

Lakini jengo la jirani alikaa rafiki yangu, kwao kulikuwa na televisheni, na kwenye televisheni kulikuwa na mechi ya mpira wa magongo wa barafuni iliyoanza saa tisa u nusu. Nilimsindikiza bibi mpaka lami inapoishia, chini ya daraja la waenda kwa miguu. Pale taa za mtaa zinakwisha, na mbele ni njia ya uwanda, imeganda, inang'aa kama sahani.

"Mimi naishia hapa," nikasema. "Kwetu mwenyeji anamsindikiza mgeni nusu ya njia tu. Akizidi anaonekana anamfukuza."

"Sikujua," bibi akasema. "Asante kwa kunieleza."

Akaenda na kikapu chake kitupu. Mimi nikakimbia. Tulifungwa, nakumbuka, lakini sikumbuki na nani.

Kesho yake baba na mimi tulikwenda kama kawaida. Hodi, kimya. Hodi, kimya. Mwenye mbwa, yule wa nyumba ya pili, mwanamume wa makamo ambaye hakuwahi kutufungulia, akatoka mwenyewe. Alisema bibi ameteleza jana jioni karibu na lango, amevunjika mkono. Alilala kwenye theluji kwa muda ambao hajui ni muda gani, mpaka mbwa alipomvuta yeye upande ule. Yuko hospitali.

Baba aliona uso wa yule mwanamume, akaniuliza, "Anasema nini?"

"Bibi ameanguka. Yuko hospitali, mkono."

Nilitafsiri hayo tu. Neno karibu na lango sikulitafsiri, wala jana jioni.

Baba alimtembelea hospitali. Mama alimpikia uji akampelekea kwenye chupa ya chai. Mimi niliumwa tumbo kila walipokwenda. Bibi hakuwaambia lolote kuhusu nusu ya njia, naye si kwamba alikuwa ananificha. Alidhani hakuna la kusema, ni desturi yetu.

Februari alirudi nyumbani na mkono ndani ya plasta, na ofisi ya ustawi wa jamii ikamwandikia kwamba watakuja kuangalia hali yake. Alimwomba baba awepo, kwa sababu watauliza habari za umeme. Baba akanichukua mimi.

Alikuja mama mmoja mwenye jalada, si mkali hata kidogo, sauti ya mtu anayeongea na wagonjwa. Alipita nyumba nzima. Maji yako kisimani. Choo kiko nje. Jiko ni la kuni. Watoto hana. Bibi alijibu kila swali akiwa ameketi wima, mkono mmoja kifuani. Hayo yote alikuwa ameishi nayo miaka sabini na minane na alikuwa na majibu. Baba akashuhudia kwamba umeme ni salama. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka yule mama akafungua ukurasa mwingine.

"Jirani aliyekuokota anasema ulimwambia kwamba umetoka kupeleka kuku hai kwa familia ghorofa ya saba. Kwa sababu ni sheria."

Bibi akatazama meza.

"Ni sheria gani hiyo?"

"Nilitaka kuwapelekea kuku."

"Kwa miguu? Kwenye barafu ile, na basi lipo?"

Nilimwona bibi akisikia mwenyewe jinsi lilivyokaa neno hilo jikoni mwake, kuku hai, sheria. Angeweza kuninyooshea kidole. Nilikuwa nimeketi mbele yake, umbali wa mkono mmoja tu kati yetu. Mkono wake mzima ulibaki mezani.

Yule mama akaandika. Mimi ni hodari wa kusoma maandishi kichwa chini, ndivyo nilivyokuwa nikipasi hesabu. Aliandika: *amechanganyikiwa wakati mwingine*. Kisha akaeleza, polepole, kwamba ipo nafasi kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa mji, kusini, karibu na Jordbro, joto ni la bomba, chakula kinaletwa. Inaweza kuwa Jumatatu.

"Na nyumba?" bibi akauliza.

"Nyumba ni ya manispaa."

Baba alinigusa goti. "Wanasemaje?"

Nilimgeukia yule mama nikamwambia, kwa Kiswidi, haraka, kabla mdomo haujapata wazo jingine, kwamba bibi hajachanganyikiwa. Mimi ndiye niliyemwambia ni sheria. Nilibuni. Basi haliruhusiwi, nilibuni hilo pia, na kitu kilicho hai. Na nilitumwa nimfikishe mlangoni nikamwacha darajani, nikamwambia ni desturi, kwa sababu nilitaka kuangalia mechi.

Kuni zililia kidogo.

"Kwa nini alikuamini?" yule mama akauliza.

"Kwa sababu aliniuliza vizuri."

Bibi alikuwa ananitazama. Hakuwa amekasirika, bado. Alikuwa anapanga upya mambo kichwani, moja moja, tangu Novemba.

"Umesema nini?" baba akasema. "Umesema maneno mengi. Tafsiri."

Nimewahi kutafsiri mambo mengi katika maisha yangu. Barua za kodi, daktari wa meno wa mama, ugomvi wa baba na mwenye duka la zulia. Hakuna lililonichukua muda kama lile. Nilimtafsiria baba maneno yangu mwenyewe, yote, na lango, na jana jioni. Aliponikatiza ilikuwa mara moja tu.

"Kuku yule, bibi hakujua tutamchinja?"

"Hakujua."

Akashika kichwa. Nadhani hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Yule mama alikata mstari wake alioandika, akaandika mwingine, huu sikuweza kuusoma. Akasema mkono umevunjika hata hivyo, na baridi haijaisha. Bibi anaweza kubaki kwa majaribio iwapo yupo mtu wa kumwona kila siku, kumletea maji na kuni, bila kukosa hata siku moja, mpaka ofisi iamue mwezi wa Machi. Je, yupo?

Nikamtafsiria baba. Akangoja.

"Na sharti lenyewe ni lipi?" akauliza.

"Ndilo hilo, Baba. Kila siku."

"Kumwona tu?"

"Kumwona."

"Mwambie yupo." Akanigeukia. "Mimi naingia kazini saa kumi na mbili. Utakwenda wewe, saa moja asubuhi, kabla ya shule. Na Jumamosi, na Jumapili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yeye akuchoke."

Basi nilikwenda. Sitaki kuipamba habari hii, ilikuwa baridi na giza na ndoo ya maji ina tabia ya kumwagikia kiatu kimoja siku zote. Kila nilipofika taa ilikuwa inawaka dirishani, bibi amevaa, nywele amezichana kwa mkono mmoja, jiko limeshika moto. Nilichota maji ndoo mbili, nilileta kuni, nilimwaga ndoo ya usiku, nilikunywa kahawa nusu kikombe nikakimbilia shule. Hatukuzungumza sana. Wiki ya pili ndipo aliponiuliza, akiwa amenipa mgongo.

"Ile ya kusindikiza. Nayo yote ulibuni?"

"Kusindikiza ni kweli. Kuishia pale ndiyo nilibuni."

"Kwa hiyo mnafika mpaka wapi?"

"Mpaka mgeni aseme basi, rudi."

Akaongeza gogo jikoni.

Barua ilikuja wiki ya mwisho ya Machi. Ilikuwa mezani nilipoingia, imefunguliwa, lakini miwani yake ilipasuka siku ile aliyoanguka, akanipa niisome. Niliisoma yote, na mhuri, maana alinitazama midomo kuona kama naruka. Ilisema anabaki. Watakuja kumwangalia mara moja kwa mwaka, na mkono umepona vya kutosha, na kusaidiwa kwa kila siku si lazima tena.

"Soma tena hapo pa kubaki."

Nikasoma tena. Aliichukua, akaikunja, akaiweka nyuma ya saa ya ukutani, akaketi.

"Sasa naweza kukuambia," akasema. "Mimi huamka saa tatu. Tangu mume wangu afe na ng'ombe wauzwe, huamka saa tatu. Wiki zote hizi nimekuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri ili ukifika unikute nimevaa na moto unawaka, wasije wakasema siwezi."

Nilibaki na ndoo mkononi. Wiki zote hizi na mimi nilikuwa nikiamka saa kumi na mbili kasorobo.

"Basi nisije?"

"Nimesema usije? Jumapili njooni na baba yako kama zamani. Siku za shule pita jioni ukitoka. Ila saa hii usinigongee tena, nitalala."

Alikuwa ameshaanza kufungua aproni arudi kitandani. Nikaenda kisimani kuchota, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika.